Mzee na vyuma: mnacheka nini?

Hivi nani alituambia kwamba vyuma ni mali ya mabaunsa? Pita jimu yoyote ya uswahilini hapa Dar, zile za mabati na vyuma vya zege, utakuta vijana wa miaka ishirini na kitu wamejaa mbele ya kioo. Akitokea mtu wa miaka sitini, shingo zote zinageuka: mzee kamfuata mwanawe nini? Mimi naona foleni tumeipanga kinyumenyume. Kijana akiacha vyuma atapungukiwa na fulana za kubana. Mzee asipovishika, iko siku atapoteza choo.

Ndiyo, choo. Subirini kidogo.

Kwa wasioijua, Tura ni kata ya wilaya ya Uyui, Tabora, kituo kidogo kwenye reli ya zamani ya kati. Kwa misafara iliyotoka pwani, hapo ndipo Unyamwezi ilipoanzia. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba mzigo wa kilo thelathini na ushee kwa miezi, na kijana ambaye hajafika pwani alionekana bado mtoto. Nguvu ilikuwa ajira, ilikuwa sifa, ilikuwa hata posa. Lakini mwenye msafara alihesabu pembe na majora ya nguo. Magoti ya mpagazi akishafika miaka hamsini hayakuwa shida yake.

Nilipokwenda huko kikazi nilimkuta mwalimu mstaafu, umri miaka 64, ana chuma chake uani chini ya mwembe. Makopo mawili ya rangi ya lita nne yamejazwa zege, katikati bomba la maji. Nilipiga hesabu: kila kopo kama kilo tisa na nusu, ukijumlisha na bomba unazidi ishirini kidogo. Jumatatu na Alhamisi anakiweka begani, anachuchumaa polepole mpaka karibu na kigoda, anainuka. Mara nane, anapumzika, anarudia. Majirani wanasema Mwalimu anajiandaa kuoa tena. (Mkewe ndiye anayecheka kuliko wote.)

Nilimuuliza, "Shikamoo Mwalimu, kulikoni?" Akanijibu bila utani: "Marahaba mwanangu. Kaka yangu hawezi kuchuchumaa chooni mpaka ashikwe. Na anayemshika ni mke wa mwanawe."

Kama umelelewa na watu wetu hunihitaji nikufafanulie. Mkwe! Yule ambaye hata kupishana naye mlangoni kuna adabu yake. Mwalimu alisema kaka yake siku hizi hali chakula cha jioni, ili usiku asipate haja.

Sasa nawajua wadau wangu, mtasema wazee wa kijijini hawahitaji vyuma, jembe linawatosha. Jamani, huyo kaka amelima maisha yake yote! Jembe linachosha, sawa, ila linakuinamisha mgongo kuliko linavyokuinua kutoka chini. Tena mzigo wake hauongezeki, na kadiri umri unavyokwenda mtu analima kidogo zaidi, wajukuu wanamalizia. Misuli inaanza kupungua mtu akiwa kwenye miaka ya thelathini, na ikifika sitini inakimbia. Uzuri ni kwamba inarudi. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee dhaifu wa miaka tisini hivi waliofanyishwa mazoezi ya uzito wa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na kwa wastani nguvu yao iliongezeka kwa asilimia 174. Miaka tisini! Shirika la Afya Duniani nalo linataka watu wazima wote, wazee wakiwemo, wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili kwa wiki. Mwalimu na makopo yake yumo humo humo.

Simwambii mtu akurupuke. Presha ipimwe kwanza, maana kubana pumzi ukiwa na uzito kunaipandisha vibaya. Toa pumzi wakati wa kuinuka. Na usianze na zege. Kiti tu, simama bila kushika kitu. Ukiona rahisi, chukua dumu la lita tano lenye maji, kilo tano hizo. Ukilijaza mchanga ni kama nane. Hakuna cha kadi ya uanachama wala kioo.

Ninachokiona kigumu ni aibu. Baba yangu ana miaka 59, anashuka kwenye daladala kwa kushika mabega ya kondakta. Nilipomweleza haya alikunja gazeti, akasema yeye ni mtu mwenye heshima zake. Nikamletea madumu mawili hata hivyo. Moja mama kashaliwekea mafuta ya kula. Lingine liko nyuma ya mlango, na juzi nimekuta mtu kalijaza maji. Sijauliza ni nani.