Tujifunze Kiingereza palipo na ubishi

Nilipomaliza kidato cha sita nilirudi nyumbani Bariadi, na wiki ileile shangazi akaniita nimsomee karatasi. Yeye na wenzake wanne walikuwa wanachukua mkopo wa kikundi, milioni moja kila mmoja, kwa biashara ya mchele na vitenge mnadani. Fomu ilikuwa ya Kiingereza mwanzo hadi mwisho. Niliisoma nikitafsiri kwa kujiamini, maana mimi ndiye niliyekuwa msomi wa ukoo. Nilipofika palipoandikwa kwamba wakopaji watawajibika "jointly and severally", sikusita. "Several" nilikuwa naijua tangu kidato cha kwanza: kadhaa. Nikamwambia, "Shangazi, hapa wanasema mtalipa kwa pamoja, na kwa awamu kadhaa." Akafurahi. Awamu kadhaa ni habari njema kwa mtu wa mnadani. Akaweka sahihi.

Maneno yale hayazungumzii awamu hata kidogo. Yanasema kwamba kila mmoja wao anaweza kudaiwa deni lote, peke yake, kana kwamba ni yeye aliyelikopa. Wawili walipohama bila kuaga na wa tatu akaugua, shangazi na mwenzake mmoja walibeba mzigo wa watano. Ng'ombe wawili walitoka zizini. Mimi nilikuwa mwaka wa malezi wakati huo, nasali kwa utulivu. Kosa langu nililigundua baadaye sana, likizoni, nikisoma kwenye simu hukumu moja ya kesi ya madai katika TanzLII, ambako hukumu za mahakama zetu husomwa bure. Mawakili walikuwa wanabishania maneno yaleyale mawili. Nilisoma ile aya mara tatu, kisha nikaizima simu.

Tangu siku hiyo nina msimamo ambao baadhi ya mafrateri wenzangu wanaucheka: Kiingereza tunachokihitaji zaidi tukitafute Bungeni na mahakamani, mahali watu wanapoling'ang'ania neno kwa sababu kuna kitu kitapotea likieleweka vibaya. Darasani tunajifunza falsafa kwa Kiingereza. Tunazo "substance" na "contingent" na "potency", na tunafaulu mitihani. Lakini neno ulilokariri kwa ajili ya mtihani halikukemei ukilikosea. Neno la kwenye kesi lina mlalamikaji upande huu na mdaiwa upande ule, na kila mmoja analivuta lake.

Watanzania tumeshasoma shule hii bila kujiandikisha. Mwaka 2014 nchi nzima ilijifunza neno "escrow" kutoka kwenye mjadala wa Bunge kuhusu akaunti ya Tegeta. Hata mtu ambaye hakujua Kiingereza alilitamka kwenye daladala. Lakini tulijifunza nini hasa? Wengi tulibaki na hisia kwamba "escrow" ni jina jingine la wizi. Kumbe ni utaratibu wa kawaida kabisa: wawili wanaogombana wanaweka fedha mikononi mwa wa tatu hadi ugomvi wao uishe, na pale ugomvi ulikuwa kati ya TANESCO na IPTL. Swali zito la mwaka ule, kama ugomvi ulikuwa umekwisha fedha zilipotoka, huwezi hata kuliuliza kama hujui maana ya neno. Linganisha na mwaka 2017, mjadala wa mchanga wa madini ulipotuletea "makinikia". Neno lilikuja likiwa limevaa Kiswahili, na mtu wa kawaida aliweza kuuliza swali la maana: humo ndani mna dhahabu kiasi gani?

Mfano ulionigusa zaidi ni wa 2023, makubaliano ya bandari kati ya Tanzania na Dubai. Yalitiwa sahihi Oktoba 2022, Bunge likayaridhia Juni 2023, yakafika Mahakama Kuu Mbeya, na Agosti Baraza la Maaskofu likatoa tamko. Sitaki kuurudia ubishi wenyewe hapa. Ninachokumbuka ni jinsi sehemu kubwa ya ugomvi ilivyokuwa ya maneno. Upande mmoja ulisema huu ni mkataba, na mkataba usio na ukomo ni hatari. Upande mwingine ukajibu: haya ni makubaliano tu, mikataba itakuja baadaye na ukomo wake. Oktoba mwaka ule mikataba ilikuja kweli, ya miaka 30. Sasa fungua maandishi ya Kiingereza. "Treaty", "agreement", "contract": kwa Kiswahili chetu cha kila siku zote tatu ni mkataba. Mkulima wa pamba wa Itilima akisema "mkataba" anafikiria karatasi kati yake na mnunuzi. Mwanasheria anafikiria mambo matatu tofauti, kila moja na namna yake ya kuvunjika. Waliobishana barazani hawakuwa wajinga. Walikuwa wanatumia neno moja kwa vitu vitatu, jambo ambalo somo la mantiki linatuonya nalo tangu muhula wa kwanza.

Au chukua vijineno vidogo, "shall" na "may". Sheria yetu ya Tafsiri za Sheria inasema wazi kwamba "may" humwachia mtu hiari na "shall" humpa lazima. Tukitafsiri, "shall" mara nyingi inageuka kuwa "-ta-": Waziri atafanya hivi. Katika Kiswahili cha nyumbani, "nitafanya" ni ahadi, na ahadi za Kiswahili tunazijua. Ukisoma kifungu cha Kiingereza ukajua ile "-ta-" ilikuwa amri, unaanza kumdai mtu kwa haki.

Na sheria inayohusu nyumba zetu za Simiyu zaidi ya nyingine, Sheria ya Ndoa ya 1971, iliandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo iliyomruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, wakati mvulana alitakiwa afikishe 18. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubali 2019. Hukumu zote mbili ni za Kiingereza. Kwetu, ambako ng'ombe wa mahari huhesabiwa mbele ya ukoo mzima, sijawahi kukutana na mzazi aliyezisoma. Frateri anayezielewa anaweza kukaa na baba wa binti chini ya mwembe akamweleza kilichoamuliwa na kwa nini. Asiyezielewa atabaki kusema "serikali imekataza", na baba atatikisa kichwa kwa heshima.

Nitaulizwa: je, hatukuamua kuhamia Kiswahili? Kweli. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, na Jaji Zephrine Galeba aliyeandika hukumu kwa Kiswahili Musoma alisifiwa hadharani Siku ya Sheria, Dodoma. Nilishangilia. Lakini hukumu za miaka 60 zilizotangulia hazijabadilika lugha usiku mmoja, na fomu za mikopo ndiyo kabisa.

Pingamizi la pili ni la haki zaidi: Kiingereza cha sheria kinaharibu mazungumzo. Tuna mwenzetu aliyeanza kusoma hukumu kwa bidii. Sasa hata mezani, akidai maharage yake yamepunjwa, anatumia "notwithstanding". Huyo amechukua vazi akaacha mwili. Dawa yake naiona kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Kwa miaka mingi miswada iliandikwa kwa Kiingereza na kujadiliwa kwa Kiswahili. Soma kifungu, kisha soma jinsi wabunge walivyokieleza, walivyokipinga, na palipowashinda. Ukimaliza, kiseme kwa Kisukuma kwa mtu ambaye hajasoma. Kikigoma kusemeka, bado hujakielewa. Mimi najaribu kufanya kimoja kwa wiki, na wiki nyingi vinanishinda.

Likizo iliyopita nilimwambia shangazi ukweli kuhusu yale maneno mawili. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Alikuwa anapepeta mchele, hakusimamisha mikono. "Kumbe ulikuwa hujui," alisema. "Mwanangu, si ungesema tu hujui, tungemtafuta mwingine." Kisha akaniletea karatasi mpya, ya mbegu na viuatilifu, kurasa nne. Nilisoma mbili. Kwenye ya tatu kulikuwa na neno "indemnify", nikamwambia asubiri hadi kesho.