Ukizuru Bandari ya Kisiwani: Lutoboka, Kalangala

Shule zinapofungwa, swali moja huzuka katika kila nyumba ya kambini: watoto tuwapeleke wapi? Wengi wetu huwapeleka kijijini kwa babu na bibi, na hilo ni jema. Lakini iko safari nyingine, isiyo ndefu mno wala ya gharama ya kutisha, ambayo mtumishi wa kawaida aweza kuiwekea akiba ya miezi michache. Nayo ni safari ya kwenda bandari ndogo ya Lutoboka, katika kisiwa cha Bugala. Juma hili nataka kueleza mambo yafaayo kufanywa na mgeni afikapo huko, na hasa yale yampasayo kabla hajaondoka bara.

Visiwa vya Ssese ni 84, navyo viko upande wa kaskazini-magharibi wa Ziwa Viktoria. Vyote vimo katika wilaya ya Kalangala. Makao makuu ya wilaya ni mji wa Kalangala, ulio juu ya kilima huko Bugala, kisiwa kilicho kikubwa kuliko vyote. Chini ya kilima hicho ndipo penye ghuba ya Lutoboka na gati lake.

Njia za kufika ni mbili. Ya kwanza ni kupitia Entebbe mpaka gati la Nakiwogo. Meli ya MV Kalangala ilianza kazi katika njia hiyo mwaka 2006, na kwa miaka mingi ratiba yake imekuwa kuondoka Nakiwogo saa nane mchana, kisha kurudi kutoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Safari huchukua kama saa tatu na nusu. Njiani meli huvuka mstari wa Ikweta. Waonyesheni watoto, nao watalikumbuka somo hilo kuliko ramani ya ubaoni. Njia ya pili ni kupitia Masaka hadi Bukakata, ambako kivuko huwavusha watu na magari bila nauli mpaka Luuku, na kutoka hapo mtu hufuata barabara ya kisiwani hadi Kalangala. Kwa kuwa vyombo hupelekwa kutengenezwa mara kwa mara, hapana budi kuulizia ratiba siku moja kabla, wala usitegemee maneno ya jirani aliyesafiri mwaka jana.

Nasema hivyo kwa sababu mimi mwenyewe nilikosea. Safari yetu ya kwanza tulikuwa watu sita: mimi, mke wangu, watoto wetu watatu, na shemeji yangu, ambaye ni askari na alikuwa likizoni. Nilichelewa ofisini nikikamilisha karatasi ambazo zingeweza kungoja, na tulipofika Nakiwogo meli ilikuwa imekwisha ondoka. Tuliiona kwa mbali ikizidi kuwa ndogo. Akaja kijana mmoja mwenye mtumbwi wa mashine, akasema anakwenda huko huko, naye atatupunguzia nauli. Mtumbwi ulikwisha jaa kreti za soda, magunia ya unga na magodoro, na watu wameketi juu ya mizigo. Jaketi za uokozi nilizohesabu zilikuwa mbili. Lakini niliona haya kuwarudisha watoto nyumbani, nikaanza kupakia mabegi.

Mke wangu akanishika mkono. "Baba watoto," akasema, "kama ni lazima ufike leo, nenda wewe. Watoto wangu hawaingii humo."

Nilimgeukia shemeji nikitumaini ataniunga mkono kama mwanamume mwenzangu. Yeye akatua begi lake chini, akasema, "Dada amesema kweli." Usiku ule tulilala Entebbe katika nyumba ya wageni, fedha tuliyoiweka kwa matembezi ya siku mbili ikaishia hapo, nami nilinuna mpaka asubuhi.

Mtumbwi ule ulifika salama. Lakini kesho yake jioni, baada ya sisi kufika Lutoboka kwa meli, nilikutana na mtu mmoja aliyekuwamo. Alinieleza kwamba upepo uliwakuta katikati ya ziwa, mawimbi yakawa yanaingia, na wanaume wakayachota maji kwa jerikeni zilizokatwa na kuyamwaga nje mpaka mikono ikafa ganzi. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga alilia njia nzima. Nilirudi chumbani, nikamwomba mke wangu radhi.

Ndugu zangu, ziwa halitazami cheo cha mtu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, nchini Tanzania, wakafa watu zaidi ya 200. Tarehe 24 Novemba mwaka huo huo chombo cha starehe kilichoitwa MV Templar kilizama hapa kwetu karibu na Mutima, wilaya ya Mukono, si mbali na nchi kavu, wakafa watu zaidi ya 30. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimebeba watu kupita kiasi. Kwa hiyo, kila mtu, mkubwa kwa mdogo, na avae jaketi la uokozi, nalo lifungwe sawasawa kabla chombo hakijaondoka. Chombo kikizidi kujaa, shuka. Mbingu zikifanya giza, ahirisha. Fedha ya kulala usiku mmoja zaidi iwekwe kando tangu nyumbani, ili ukosefu wa fedha usikusukume kuingia pasipofaa.

Baada ya kufika, tafuta mahali pa kulala. Nyumba za wageni ziko ufuoni na mjini, za bei mbalimbali. Uliza bei ya chumba na ya chakula kabla ya kuteremsha mizigo. Asubuhi, pandeni kilima kwa miguu mpaka mjini. Watoto watapata kuona tumbili na ndege wa aina nyingi, na mkifika juu mtaviona visiwa vingine vimetawanyika majini. Mtu mwenye siku ya ziada na akodi gari au pikipiki azunguke kisiwa. Ataona mashamba makubwa ya michikichi, ambayo yalianza kupandwa katika miaka ya 2000 kwa ajili ya mafuta ya kupikia. Yamewapa wakulima wengi mapato ya kila mwezi, nayo pia yamechukua sehemu ya misitu iliyokuwapo. Yafaa mzazi awaeleze watoto mambo yote mawili.

Tena waelezeni historia. Waganda wa kale waliviheshimu visiwa hivi kuwa makao ya Mukasa, mungu wa ziwa, ambaye hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe. Mgeni asiingie wala asipige picha mahali pa ibada za jadi bila idhini ya wenyeji. Kisha, mwanzoni mwa karne iliyopita, ugonjwa wa malale ulizipiga pwani za ziwa, ukaua watu wapatao laki mbili na zaidi katika Buganda na Busoga. Mwaka 1906 daktari mashuhuri wa Ujerumani, Robert Koch, alipiga kambi Bugala akijaribu dawa yenye sumu ya zarniki iliyoitwa Atoxyl. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu ya muda, na wengine wakapofuka macho. Mnamo 1909 serikali ya kikoloni iliwahamisha wenyeji wote, na visiwa vikabaki mahame kwa miaka zaidi ya kumi. Kwa hiyo umwonapo mzee wa huko ameketi mlangoni pake, ujue yawezekana babu zake walifukuzwa wakarudi, wakaanza upya katikati ya msitu.

Sasa nageukia jambo la afya, nanyi akina mama nisikilizeni. Maji ya Ziwa Viktoria yana kichocho. Vijidudu vyake hutoka katika konokono waishio majini karibu na ufuo, hasa penye majani na maji yaliyotulia, navyo hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Msiwaache watoto wacheze majini kutwa nzima kwa kuwa mchanga ni mweupe na maji yanaonekana safi. Maji ya kuogea na yachemshwe, au yawekwe katika chombo siku mbili kabla ya kutumika. Ya kunywa yachemshwe daima. Aliyekwisha ingia ziwani apimwe katika kituo cha afya baada ya majuma 6 hadi 8, hata kama hajisikii mgonjwa. Dawa ya prazikwanteli ipo, nayo hutibu vizuri ikitolewa mapema. Hakuna haja ya kungoja mpaka mtoto aanze kutoa damu.

Jambo la mwisho ni samaki, na hapa nasema zaidi na wale wavaao sare. Hakuna mgeni atokaye Lutoboka bila kutamani kubeba samaki. Kwa sheria za Uganda, ngege asipungue urefu wa inchi 11, na sangara, ambaye Waganda humwita empuuta, asipungue inchi 20. Samaki mdogo usimnunue hata ukiuziwa kwa bei ya kutupwa, kwa maana ndiye ambaye angezaa wa mwaka kesho.

Mnamo 2017 wanajeshi walipelekwa ziwani kuzuia uvuvi haramu. Sangara waliongezeka, na viwanda vya samaki vilipata kazi tena. Lakini mitumbwi na nyavu nyingi zilichomwa moto, na malalamiko ya wavuvi waliosema kuwa walipigwa na kunyanyaswa yalifika hadi Bungeni. Mambo hayo wenyeji hawajayasahau.

Asubuhi moja tulishuka na shemeji kwenda kununua samaki. Hakuvaa sare, lakini alivaa viatu vyake vya kazini. Wanawake waliokuwa wakipanga samaki wakaviona, na mazungumzo yakakatika ghafla. Mmoja akafunika beseni lake. Shemeji alivua kofia, akawaamkia kwa Kiganda cha kuungaunga, akauliza bei, akailipa yote bila kubishana, akashukuru. Mzee mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu akacheka, akamsahihisha matamshi. Baada ya dakika chache tulikuwa tumeketi juu ya mtumbwi uliofudikizwa, tukielezwa jinsi mtu ajuavyo upepo wa kusini kabla haujafika. Siku iliyofuata shemeji alikwenda huko kwa kandambili.

Bandari ndogo za visiwani huhitaji wageni wa namna hiyo. Huko Uskoti, katika kisiwa cha Mull, mji wa bandari wa Tobermory ulianzishwa mwaka 1788 uwe kituo cha wavuvi. Leo nyumba zake zilizopakwa rangi mbalimbali mbele ya maji huwavuta wageni, na wenyeji wengi hupata riziki kutokana nao. Lutoboka nayo yaweza kuongeza riziki yake kwa njia hiyo, maadamu mgeni anakula katika vibanda vya akina mama wa hapo, anamlipa kijana wa kisiwani amwongoze msituni, na hadai kupunguziwa bei kwa sababu ya cheo chake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Basi, atakaye kwenda mwezi ujao na aanze leo kuweka akiba, afungashe chandarua, sweta kwa baridi ya ziwani usiku, na fedha ya kulala usiku mmoja zaidi. Siku ya safari afike gatini saa mbili kabla. Karatasi za ofisini zitamngoja. Zangu nilizikuta mezani vile vile nilivyoziacha.

Hadi juma lijalo, nawatakia heri, ninyi na jamaa zenu.