Ugeni wa Majengo na Mapapasi wa Kwetu

Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, nasi wauza vitambaa vya harusi safari zimezidi. Ukiingia Soko la Majengo na baibui lako, kila mtu anakuita: huyu bodaboda, yule anavuta begi. Tusikasirike. Salimia kwanza, "mbukwenyi" ya Kigogo hulainisha moyo, kisha sema "sihitaji, ahsante" uende zako. Ukishikwa mkono, paza sauti. Heshima si kunyamaza.

Lakini tuseme kweli: mgeni akifika Forodhani, mapapasi wetu humfanyia hayo hayo, nasi twacheka. Tuwakanye vijana wetu. Mgeni ana haki yake, awe na baibui au begi la mgongoni.