Bastola ndogo ya mfukoni na njia ya Mugina

Sisi tuliosomea Tanzania tunajulikana hapa kusini, kuanzia Nyanza-Lac mpaka Mabanda. Kila karatasi yenye Kiswahili kigumu au Kiingereza huishia mezani kwetu. Zamani nilikuwa nikiletewa stakabadhi za ushuru, vyeti vya kuzaliwa vya Ulyankulu, barua za mashirika. Siku hizi imeongezeka aina nyingine ya kazi. Wafanyabiashara wananiletea simu zenye picha na maelezo ya bastola ndogo ndogo, na swali lao ni moja: "Mwalimu, katika hizi, ipi inafaa kubebwa kila siku bila mtu kuiona?"

Siwacheki wanaouliza hivyo. Anayevuka Mugina kwenda Manyovu na mpaka Kigoma kutafuta mchele, sabuni au saruji anabeba fedha mkononi, na fedha yetu ni nzito. Noti yetu kubwa kabisa ni ya faranga 10,000. Milioni 10 ni noti 1,000, yaani mabunda kumi ya noti mia mia. Hilo halikai kwenye pochi. Linakaa kwenye mfuko, na mfuko huo unaonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea hivyo jioni ana haki ya kuogopa. Swali langu ni kama kitu anachotaka kununua kinaiondoa hofu hiyo au kinaihamisha tu.

Nianze na sheria kwa ufupi, maana hapo hakuna mjadala mrefu. Burundi ina sheria ya silaha ndogo ya mwaka 2009, na raia hamiliki bastola bila kibali cha mamlaka. Mwaka huohuo serikali iliwataka wananchi wasalimishe silaha zilizobaki majumbani baada ya vita, na wengi walisalimisha. Tanzania nayo ina sheria yake ya kudhibiti silaha na risasi ya mwaka 2015. Nchi zetu zote mbili zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, inayotaka kila silaha ya raia iandikishwe. Lakini hakuna leseni ya silaha ya Afrika Mashariki. Tangu tulipoingia katika Jumuiya mwaka 2007 unaweza kuvusha mchele wako, ndagala wako na mawese yako kwa taratibu zilizorahisishwa. Kibali chako cha bastola kinakoma kwenye kizuizi.

Maana yake ni nini kwa mfanyabiashara? Ni kwamba hata aliyefuata sheria yote, bastola yake anaiacha upande huu, na fedha anakwenda nazo upande ule, ambako yeye ni mgeni na barabara haijui. Bastola inamlinda nyumbani kwake na kumwacha mikono mitupu safarini. Na yule anayesema "nitaificha ndani ya gunia, nani atanipekua?" ajue kwamba kuanzia hapo haitwi tena mfanyabiashara. Sisi tuliokulia ukimbizini tunakumbuka jinsi kila ujambazi wa mkoa wa Kigoma ulivyokuwa ukianguka kwanza juu ya vichwa vya wakimbizi. Mrundi mmoja akikamatwa Kasulu na bastola isiyo na karatasi, wanaolipa ni wote watakaopita pale wiki ile, wakiwemo akina mama wenye ndoo zao za mawese.

Sasa nije kwenye bastola zenyewe, kwa sababu wanaouliza wanataka jibu la bastola, na mimi nimesoma kurasa hizo mpaka macho yakauma. Pia nimemhoji shemeji yangu, askari mstaafu, ambaye ameshika silaha miaka mingi kuliko nilivyoshika chaki.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba ndogo kuliko zote ndiyo bora. Wote wanaonyoosha kidole wananyoosha kwenye ile inayotoshea kiganjani. Ipo ya Ruger iitwayo LCP, iliyotoka mwaka 2008, yenye gramu zipatazo 270 bila risasi. Ni nyepesi kuliko kitabu cha hesabu cha darasa la sita. Kwa kuificha, haina mpinzani. Lakini silaha ikiwa nyepesi, teke lake lote linaingia mkononi, na mpini wake ni mfupi kiasi kwamba kidole cha mwisho kinaning'inia hewani. Wengi wakishaipiga mara kumi hawataki tena kufanya mazoezi nayo. Shemeji anasema bastola isiyopendeza kufanyia mazoezi ni chuma cha kuzamishia ndoana.

Halafu kuna hesabu, na hapa nawaomba radhi kwa kuleta ubao gazetini. Bastola hulengwa kwa alama mbili, moja mbele na nyingine nyuma. Tuseme zimeachana sentimita 15, na mkono wako umetetemeka ukapinda alama ya mbele kwa milimita moja. Kwenye mita 10 risasi itakosea karibu sentimita 7. Zikiwa zimeachana sentimita 10, mtetemo uleule unakosea sentimita 10. Huo ni mtetemo wa milimita moja tu, wa mtu aliyetulia. Aliyenyanganywa mfuko gizani anatetemeka zaidi ya hapo, na nyuma ya mwizi kuna nyumba za watu.

Ndiyo sababu wanaozijua wanapendekeza ile ya katikati, kama Glock 19, iliyotoka mwaka 1988. Inabeba risasi 15, ikiwa tupu ina gramu 600 hivi, na ikijazwa inapita gramu 800. Inashikika vizuri na haimtupi mpigaji. Lakini gramu 800 kiunoni chini ya fulana, katika joto la Nyanza-Lac, kwa mtu anayeinama kupakua magunia? Itaonekana kabla ya saa nne asubuhi. Na kwa kuwa haina kitasa cha usalama pembeni, kwani usalama wake umo ndani na kwenye kifyatulio chenyewe, haiwezi kutupwa tu mfukoni pamoja na funguo na simu. Inataka ala ngumu inayofunika kifyatulio chote, na mkanda imara wa kuishikilia. Niliyemwambia hivyo aliniuliza kama kitenge kilichofungwa mara mbili hakitoshi. Hakitoshi. Pindo la kitenge likiingia pale kwenye kifyatulio, linaweza kukivuta sawasawa na kidole.

Jingine ni risasi. Katika pande hizi silaha nyingi kuukuu zilitoka Urusi na nchi zilizofuata mtindo wake, na bastola maarufu ya mtindo huo ni Makarov ya mwaka 1951, risasi nane. Utasikia mtu akisema ni "ya tisa," na ile Glock nayo ni "ya tisa." Si tisa moja. Ya Makarov ni milimita 9 kwa 18, na risasi yake ni nene kidogo. Ya Glock ni 9 kwa 19. Hazibadilishani. Anayenunua silaha kwanza na kutafuta risasi baadaye atajikuta kwenye vichochoro, mbele ya watu ambao hata leseni ikiwa mfukoni hapaswi kuonana nao.

Wengine wanasema watabeba silaha bila risasi kwenye chemba, ili wawe salama. Ni busara kwa asiyefunzwa, ila inahitaji mikono miwili kuitayarisha. Mfanyabiashara wetu mkono mmoja umeshika mfuko na mwingine umemshika dereva wa taksi-moto. Mama mwenye mzigo kichwani nisimtaje kabisa.

Haya yote yanadhani kwamba mwizi atakuja peke yake na panga. Waliokaa kambini na makazini miaka ya 2000 wanakumbuka mabasi ya Biharamulo na Kibondo yakisindikizwa na polisi wenye bunduki, kwa sababu majambazi walikuwa na SMG. Njia zimetulia sana tangu wakati ule, na tushukuru. Lakini mtu akijitokeza kichakani na bunduki ya namna hiyo, bastola yako ya risasi sita iliyo chini ya mashati mawili ni zawadi. Fedha atachukua, na bastola atachukua, na kesho itaandikwa kwamba aliyevamiwa duka alivamiwa kwa silaha iliyoandikishwa kwa jina lako.

Kuna jambo linalonitisha kuliko majambazi, na wenzangu waliorejea watanielewa. Wengi wetu wa mwaka 1972 tuliporudi, hasa mwaka 2008 na 2009, tulikuta mashamba ya baba zetu yanalimwa na wengine. Baadhi waliafikiana, wakagawana shamba na wanaishi ua mmoja. Baadhi kesi zao zimezunguka kutoka kwa Bashingantahe mpaka mahakamani na kurudi. Ninajua nyumba ambazo watu wake hawasalimiani, lakini wanateka maji bomba moja. Amani ya nyumba hizo inasimama juu ya jambo moja: kila upande unaamini kwamba mwenzake hana kitu. Mfanyabiashara anayenunua bastola kwa ajili ya njia ya Mugina hailazi njiani. Anailaza nyumbani. Mtoto ataiona, mtoto atamwambia mtoto wa jirani, na kabla ya Jumapili ua mzima unajua. Jirani naye ataanza kutafuta yake. Silaha iliyofichwa vizuri mwilini haifichiki hata siku tatu kwenye familia ya watu tisa.

Ukiniuliza, basi, nitakwambia hivi. Kama una kibali, umefunzwa, una mahali pa kufungia silaha kwa kufuli, na biashara yako haivuki mpaka, chukua ya katikati, si ile ya kiganjani. Nunua ala kabla ya kununua risasi za pili. Na piga shabaha kwenye uwanja unaoruhusiwa mpaka mkono uzoee. Masharti hayo, kati ya watu kumi na wawili walionijia mwaka huu, anayatimiza mmoja, naye ana duka la jumla na mlinzi.

Kwa wale kumi na mmoja, tatizo ni mfuko wa noti. Nimewaona wauza mchele wa hapa wakigawana safari: wanakwenda watano, wanaondoka Mugina kabla ya saa tisa, na sehemu kubwa ya malipo inakwenda kwa simu, Lumicash upande huu na M-Pesa upande ule, kwa mbadilisha fedha wanayemfahamu. Ada inauma, nakubali. Kwa faranga milioni kadhaa inauma sana, na mitandao huzimika siku ambayo unaihitaji. Lakini hata ukilipa ada hiyo miezi mingi, hujafikia bei ya bastola moja halali pamoja na ala yake na risasi za mazoezi.

Upande wa serikali na mabenki nina maombi mawili, na nayaandika hapa kwa sababu wanunuzi wa gazeti hili wapo pia kwenye ofisi hizo. Siku za soko, dirisha la benki la pale mpakani liwe wazi mpaka saa kumi na mbili jioni, wakati ambao watu wanarudi na mauzo yao, siyo saa za karani kwenda nyumbani. Na askari wa doria waonekane barabarani kati ya mpaka na Mabanda kuanzia saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku. Wakulima wa mawese wanavuna kwa wingi msimu wa mvua, na fedha zitakazotembea njia hiyo ni nyingi.