Marumaru Juu ya Jasi

Msimu wa korosho unapokwisha, na malipo ya mnada yakawafikia wakulima, ndipo ujenzi uanzapo huko Chilangala na kote Newala na Masasi. Aliyekuwa akingoja bati hununua bati. Na aliyekwisha kuezeka hutazama chini, akaona kuwa sakafu ya saruji haimtoshi tena, ataka marumaru. Hatumlaumu. Sakafu ya marumaru husafika kwa maji kidogo, na mtoto akitambaa juu yake hachubuki magoti. Lakini aghlabu mazungumzo ya mwenye nyumba na fundi wake huwa juu ya rangi, na idadi ya maboksi, na bei. Swali la kuwa marumaru hizo zitalala juu ya nini halitajwi. Na hilo ndilo swali lenyewe, kwani kigae hushika kadiri kile kilicho chini yake kinavyoshika.

Leo twapenda kusema juu ya kitu kimoja tu katika vile viwezavyo kuwa chini, nacho ni jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu.

Jasi si ngeni kwetu. Huchimbwa Kilwa, na Makanya katika wilaya ya Same, na Itigi pia. Hata katika mfuko wa saruji imo, kidogo sana. Husagwa pamoja nayo ili saruji isigande kabla fundi hajamaliza kazi. Ikichomwa kwa moto wa nyuzi joto 150 hivi, hupoteza robo tatu ya maji yaliyomo ndani yake, ikawa unga mweupe. Na unga huo ukichanganywa na maji hurudi kuwa kitu kigumu kwa muda mfupi. Chokaa ya matumbawe, ambayo wazee wa pwani waliijengea, yataka moto wa nyuzi joto 900. Kwa hiyo nchi kavu zisizo na kuni nyingi ziliipenda jasi tangu kale. Wamisri waliitumia kuungia mawe ya piramidi, na mafundi wa Omani waliichonga nakshi za mihrabu ambazo mtu hachoki kuzitazama.

Lakini hizo ni nchi kavu. Lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2 za jasi. Waweza kusema ni kidogo. Ndiyo, ni kidogo kwa siku moja. Maji yapitayo hapo kila siku huilainisha, mwisho ikawa kama chaki iliyolowa. Tena ipo aibu ya pili, nayo imefichika zaidi. Jasi, saruji na unyevu vikikutana huzaa fuwele mpya zenye kuhitaji nafasi kubwa kuliko vile vitu vilivyozizaa, na fuwele hizo husukuma. Ndipo gundi ya saruji ibandukapo juu ya jasi, na kigae kizima, kisicho na ufa hata mmoja, kikigongwa hutoa sauti ya mtungi mtupu.

Basi je, haiwezekani kabisa? Yawezekana. Huko Marekani, tangu miaka ya 1970, katika majumba ya ghorofa yaliyojengwa kwa mbao, humwaga uji wa jasi na mchanga juu ya mbao ili kuzuia moto na kupunguza kishindo cha nyayo za jirani wa juu. Ulaya nako sakafu za jasi ni nyingi. Nao huziweka marumaru, ila kwa adabu yake. Kwanza hungoja zikauke: kadiri ya milimita 1 kwa siku, na ikizidi unene wa milimita 40 ukavu huzidi kukawia. Wajerumani hupima, wala hawakubali unyevu upitao nusu ya sehemu moja katika mia. Kisha hukwangua utando dhaifu wa juu, hufyonza vumbi, hupaka dawa ya kuziba vinyweleo ili saruji na jasi zisigusane, ndipo waipake gundi yenye kunyumbuka. Pembeni mwa ukuta huacha nafasi. Na kwa vigae vya mawe, ambavyo havivumilii kupinda, hutaka boriti za mbao ziwe imara mara mbili kuliko kwa vigae vya udongo. Wale vijana wetu wafanyao kazi hizo ng'ambo wayajua haya.

Sakafu zetu si za jasi. Khatari kwetu yatoka darini. Fundi amemaliza dari nzuri ya jasi, amebakiwa na nusu mfuko. Chini sakafu ina mashimo na mabonde, na saruji imekwisha. Unga huu ni mlaini, waganda upesi, na kesho marumaru zitaufunika. Nani ataona? Mwenye nyumba hataona, mpaka fundi awe amekwisha kwenda zake. Hilo si kosa la ufundi tu, ni khiyana ya amana.

Pahali pabaya kupita pote ni bafuni na pale patawadhiwapo. Watu wa uwanda wa Makonde, ambao mama zao walifuata maji mabondeni kwa mwendo mrefu, ni vigumu kumdhania maji kuwa adui. Lakini ni ile kata moja, imwagwayo mahali pamoja mara tano kwa siku, ilegezayo kigae.

Kwa hiyo, kabla ya gundi kufunguliwa, pita chumbani na msumari. Ukwaruze kila pahali palipozibwa: saruji iliyokomaa hukataa, jasi hutoa unga mweupe. Ukiuona unga huo katika chumba cha maji, patolewe pote kwa tindo, pasafishwe, pajazwe mchanga na saruji, pamwagiliwe maji kwa siku 7, na paachwe mpaka siku 28 zitimie. Kisha bandika karatasi ya plastiki ya nusu mita kila upande, uzibe kingo zake, uilaze usiku kucha. Asubuhi ukikuta matone chini yake, ngoja tena. Na malipo ya mwisho ya fundi yabaki mkononi mwako hadi uwe umekwisha kugonga kila kigae kwa mpini wa mwiko, kimoja kimoja, naye amesimama hapo akisikia.