STI Si Gari la Kila Siku (Na Mdogo Wangu Asome Hapa)

Leo sitaandika msimbo. Mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, nisameheni, itakuja wiki ijayo Mungu akipenda. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitema nitashindwa kulala.

Mdogo wangu anafundisha mjini Mwingi lakini analala nyumbani Kyuso, kwa sababu mwaitu (ndivyo tunavyomwita mama huku Ukambani) hawezi tena kukaa peke yake usiku. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 100 kila siku ya kazi. Miaka mitatu amepanda matatu na pikipiki, jua na mvua. Sasa sacco yao imekubali kumpa mkopo anunue gari. Wadhamini ni wanne, nami ni mmoja wao. Yaani akishindwa kulipa, nitalipa mimi.

Na gari analolitaka ni Subaru Impreza WRX STI iliyotumika. Nilipomuuliza mbona STI, alinijibu: "Kaka, ukinunua Subaru isiyo STI umenunua Corolla yenye kelele."

Najua hayo si maneno yake. Ni wimbo unaoimbwa na vijana wote wanaokutana kwenye maegesho Jumapili kuonyeshana moshi. STI au usinunue! Ukiwauliza sababu, wanakutajia namba ya nguvu farasi. Leo nataka kuupinga wimbo huo hadharani, tena kama mtu anayezipenda Subaru.

Maana nazipenda kweli. Sisi tuliokua miaka ya 1990 tulilichora gari lile kwenye daftari za hesabu. Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 na Impreza tena. Mkenya mwenzetu Patrick Njiru alikimbiza Subaru katika Safari miaka hiyo hiyo. Nani asingeipenda?

Lakini kumbuka gari lile la Safari lilikuwa na nini nyuma yake. Mafundi walilisubiri njiani na vipuri vizima, na helikopta iliruka juu ikitazama barabara. Wewe wa Kyuso una nani? Una fundi mmoja Mwingi, ambaye leo yuko msibani na simu yake imezimwa.

Sasa tuingie kwenye matoleo, maana hapo ndipo watu hudanganywa.

Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba jina moja linaweza kubeba matoleo mengi. Impreza ya kizazi cha pili, iliyotoka Japani kuanzia mwaka 2000 hadi 2007 na ambayo ndiyo mfuko wa mwalimu unaweza kuifikia, ilikuwa hivyo. Kulikuwa na ya sisi 1500 isiyo na turbo. Kulikuwa na ya lita 2 isiyo na turbo. Kulikuwa na WRX ya kawaida, lita 2 yenye turbo, nguvu farasi 250. Na juu kabisa STI, lita 2 yenye turbo, nguvu farasi 280 kwenye karatasi, gia sita na breki za Brembo.

Jambo la kwanza: usiamini nembo iliyobandikwa nyuma. Nembo ya STI ni bei ya chakula cha mchana. Soma namba ya chesisi kwenye hati ya umiliki. Sedani ikianza na GDB ni STI kweli. Ikianza na GDA ni WRX ya kawaida. GD9 ni ya lita 2 bila turbo, na GD2 au GD3 ni ya sisi 1500. Nimewahi kuona GD3 yenye bawa nyuma kubwa kama meza ya kulia chakula, na mwenyewe anaapa kwamba ni STI.

Jambo la pili: hebu tukubali ukweli wa upande wa pili. Gia sita za STI ni imara kuliko gia tano za WRX. Sibishani. Breki zake ni bora. Sibishani pia. Swali langu ni moja tu: uimara ule ni wa kazi gani? Gia tano za WRX huvunjika zaidi mikononi mwa anayepandisha injini mizunguko elfu tano kisha akaachia klachi ghafla taa zikiwa kijani. Kyuso hakuna taa za barabarani za kushindania. Kuna mbuzi.

Na breki zile kubwa zinadai rimu ya inchi 17. Tairi za STI za mwanzo za kizazi hicho ni 225/45R17. Piga hesabu: asilimia 45 ya milimita 225 ni kama sentimita 10 za mpira kati ya rimu na jiwe. Njia za kwetu, ukiacha lami, ni vumbi, changarawe na mito ya mchanga inayojaa maji mvua za Novemba. Rimu itapinda mara ngapi kabla mkopo haujaisha? Na tumbo la gari lenyewe liko kama sentimita 15 tu kutoka ardhini, hapo ukiwa peke yako. Weka mwaitu, gunia mbili za ndengu na jirani aliyeomba lifti, kisha uniambie.

Jambo la tatu ni petroli, na hili wengi hawalijui. Japani huuza petroli za aina mbili. Kwa kiwango chao, ya kawaida ina oktani isiyopungua 89, na ya juu isiyopungua 96, ambayo kwenye vituo mara nyingi hufika 100 hivi. STI ilitengenezwa kwa ile ya juu. Super yetu ya kawaida haifiki hapo. Oktani ikiwa ndogo, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka ovyo kabla ya wakati wake ndani ya silinda, na kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni. Nairobi unaweza kutafuta kituo chenye petroli ya oktani kubwa. Kyuso utanunua iliyopo, na siku nyingine itatoka kwenye jerikani.

Kompyuta ya injini inajua haya, ndiyo maana ina sensa ya kusikiliza milipuko hiyo. Ikiisikia, inachelewesha cheche kulinda injini. Kwa hiyo zile farasi 280 ulizolipia hazipo zote. Umenunua namba ya karatasi inayofanya kazi Yokohama, si Kyuso.

Hapa nitasimulia aibu yangu, msije mkadhani naongea kutoka juu ya mti. Mwaka 2015 nilinunua Impreza yenye turbo kwa mtu mmoja jijini. Ilikuwa imeguswa kila mahali. Boksi la chujio la hewa lilitolewa, kukawekwa chujio la wazi linalopiga mluzi. Ekzosi ilibadilishwa. Kompyuta ya injini iliandikwa upya na mtu ambaye muuzaji hakumjua hata jina. Mimi, mtu ninayekataa kuweka programu isiyojulikana kwenye sava ya mteja, nililipa nikifurahia ule mluzi! Miezi minne baadaye, karibu na Matuu, nikielekea nyumbani kumpeleka mwaitu kliniki, injini ilianza kutoa moshi wa buluu na kugonga. Ringi za pistoni zilikuwa zimevunjika na turbo imekula vumbi. Mwaitu alikosa kliniki. Pesa niliyotumia kuifufua ingenunua ng'ombe wa kutosha kuolea.

Ndiyo maana nasema shida kubwa si WRX au STI peke yake. Shida ni gari lililoguswa, na STI ndiyo huguswa kuliko zote. Anayenunua toleo la juu mara chache huridhika nalo, atataka kuongeza. STI iliyofika Kenya, ikapita mikono minne ya vijana wa maegesho na bado iko kama ilivyotoka kiwandani ni adimu mno. Usiwekee akiba yako bahati ya namna hiyo.

Sasa habari njema kwa wapenzi wa kompyuta: unaweza kuliuliza gari lenyewe. Kuna programu huria iitwayo RomRaider, zamani ikiitwa Enginuity. Kwa kompyuta mpakato na kebo inayoingia kwenye soketi iliyo chini ya usukani, inasoma kompyuta za Subaru nyingi za miaka hiyo. Tafuta kipimo kinachoitwa IAM. Ni kizidishi kinachoonyesha injini inaruhusiwa kutanguliza cheche kiasi gani. Kwenye kompyuta za zamani za biti 16 kinaishia 16, na kwenye zile za biti 32 kinaishia 1. Kikiwa juu kabisa, injini haijasikia milipuko mikubwa. Kikiwa chini, imekuwa ikipigwa nyundo.

Muuzaji mjanja atachomoa betri asubuhi ili kumbukumbu ifutike. Hapo utakuta kizidishi kiko katikati, kwa kawaida 8 au 0.5. Usikasirike, mwombe muendeshe gari nusu saa kwenye mlima na mzigo, kisha usome tena. Injini nzima itapanda. Mgonjwa atabaki pale pale au kushuka. Ukiweza, nakili programu nzima ya kompyuta kwa EcuFlash na uilinganishe baiti kwa baiti na faili la kiwandani la namba hiyo hiyo. Jedwali la cheche likiwa tofauti, kuna mtu ameingiza mkono. Funga kompyuta yako, mshukuru mzee, uende zako.

Basi ninunue nini, mtaniuliza. Nitajibu bila kuzunguka: Forester ya turbo ya kizazi cha 2002 hadi 2007, chesisi SG5, gia tano za mkono, isiyoguswa.

Najua mmeanza kucheka. Subirini. Injini yake ni EJ205, injini ile ile ya familia ya WRX, ila imepangwa kwa nguvu farasi 220. Haijakamuliwa sana, kwa hiyo ina nafasi ya kuvumilia siku za petroli mbaya. Nayo pia iliandikiwa petroli ya juu, sidanganyi, ila haiko ukingoni kama STI. Iko kama sentimita 20 kutoka ardhini. Nyingi zilikuja na tairi za 215/60R16, yaani karibu sentimita 13 za mpira mahali ambapo STI ina 10. Vipuri vyake vimejaa nchi nzima kwa sababu Forester zimejaa nchi nzima. Ukikuta lori linajikokota kwenye barabara ya Thika–Garissa, gia ya tatu inatosha, na utacheka peke yako. Kama njia yako yote ni lami, sawa, chukua WRX ya GDA. Hoja yangu haibadiliki: toleo la katikati, lisiloguswa.

Atakayesema mwalimu anunue Probox ana hoja, na simtukani. Forester hiyo usiitarajie kufika mbali kuliko kilomita 8 au 9 kwa lita. Kwa kilomita 100 kwa siku, siku 22 kwa mwezi, ni kama lita 260 kila mwezi. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa mwendo huo atazifikisha chini ya miaka minne. Ukikatika, vali na pistoni hugongana na injini imekwisha. Nimemwandikia mdogo wangu hesabu hii yote kwenye karatasi. Lakini mtu anayeamka saa kumi usiku kila siku kwa ajili ya watoto wa watu ana haki ya kufurahia njia yake ya kwenda kazini. Simnyimi furaha. Namnyima STI.

Na kwa wale wanaomshauri: nyinyi mmeweka nini mezani? Gari likifa, mtasema pole kisha mtaendelea na Jumapili yenu. Wadhamini watakatwa kwenye akiba zao, na mwaitu atarudi kwenye pikipiki. Anayemshauri mwenzake atumie pesa asizokuwa nazo aweke kwanza jina lake kwenye fomu ya sacco.

Jumamosi tunakwenda kutazama magari mawili, mdogo wangu na mimi. Moja ni STI aliyoichagua yeye, jingine ni Forester niliyoitafuta mimi. Tumekubaliana kwamba kebo itaamua. Ikitokea STI yake imesoma 1 baada ya nusu saa mlimani na programu yake ni ya kiwandani, nitakuja hapa kuomba radhi, kisha nitaanza upya na hoja ya rimu.

Matokeo nitayaleta. Mashabiki wa STI, matusi yenu nayapokea, ila njooni na kipimo.