Hakimu wa Gari ni Njia

Ubishi wa wapenda magari ya mbio hauna mwisho. Wako wanaoisifu Porsche 911 ya Wajerumani, na wako wanaoapa kwamba hakuna gari kama Datsun 240Z ya Wajapani. Kila upande hutaja kasi, sura na bei. Sisi twaona kwamba wabishani hao humsahau shahidi mkubwa aliye karibu nao: njia za Afrika Mashariki, ambako magari hayo yalipambana katika mashindano ya Safari.

Kwanza yafaa tueleze tofauti zao. Porsche 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963, ilibeba injini nyuma kabisa, nayo ilipozwa kwa hewa, bila rejeta. Uzito huo huyakandamiza magurudumu yanayosukuma, na gari hushika ardhi barabara. Lakini dereva asiye mzoefu akiachia mafuta ghafla kwenye kona, mkia hutaka kutangulia. Datsun 240Z, iliyotoka mwaka 1969, ilifuata mtindo uliozoeleka: injini mbele, silinda sita katika mstari mmoja, lita 2.4, ikipozwa kwa maji. Mjerumani alishika wazo moja gumu akalinoa. Mjapani alikusanya mambo yaliyokwisha kujaribiwa, akayaunganisha vyema, akayauza kwa bei nafuu zaidi.

Je, njia ilisema nini? Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews, walishinda kwa gari la aina hiyo hiyo, ingawa Mehta alilingana pointi na Harry Källström, ambaye naye aliendesha Datsun. Porsche ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, tena 1974, na tena 1978. Ushindi wenyewe uliiponyoka.

Wapo watakaotujibu kwamba Björn Waldegård alishinda Safari ya magari ya kale mwaka 2011 kwa Porsche 911. Ni kweli, na heshima yake tunampa. Lakini tangu 1978 ilikuwa imepita miaka 33. Kwetu sisi, hilo laonyesha kwamba hata gari lenye jina kubwa halina budi kujifunza vumbi na matope ya mahali linapokwenda.

Hapo ndipo ubishi huu unapoacha kuwa mchezo. Kila askari aliyewahi kusukuma lori lililozama anajua kwamba matope hayasomi jina lililoandikwa kwenye boneti. Gari linalosifiwa mjini laweza kugeuka mzigo kijijini, na mgonjwa anayesubiri kupelekwa hospitali hatafaidika na sifa hizo. Kwa hiyo twawasihi wote wanaonunua magari kwa fedha za umma: swali la kwanza lisiwe gari linakimbia kiasi gani, bali litapita njia gani, nani atalitengeneza, na vipuri vitapatikana wapi.

Kwenye lami iliyonyooka, wapenzi wa Porsche na wa Datsun na waendelee kubishana. Katika Safari ya miaka ile, njia ilikwisha kutoa hukumu yake, nayo ilimpa ushindi aliyefika.